Koboko na Fedha za Serikali: Kutoka Pensheni ya Askari hadi Ruzuku ya Wazee

Mwananchi wa Uganda ambaye hajawahi kuajiriwa anaweza kulipwa na serikali kila mwezi kwa sharti moja kubwa: awe ametimiza miaka 80. Umaskini peke yake haumfikishi kwenye orodha, wala kupooza miguu, wala upofu. Sharti hilo halikushuka kutoka mbinguni. Lilifikiwa hatua kwa hatua, kwa vita, kwa katiba, kwa fedha za wafadhili na kwa uchaguzi mkuu, na mahali pazuri pa kulifuatilia ni Koboko, wilaya ndogo ya West Nile iliyobanwa penye pembe ya nchi, Kongo ikiwa magharibi na Sudan Kusini kaskazini. Huko serikali imeshawalipa watu kwa sababu nyingi. Ulemavu ndio uliochelewa kuliko zote.

1914–1979: Anayelipwa ni askari

Eneo hili liliingia Uganda kwa mlango wa nyuma. Lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishwa na Waingereza. Alipokufa mwaka 1909, Lado ikarudi mikononi mwa Waingereza wa Sudan, na mwaka 1914 kipande chake cha kusini kikahamishiwa Uganda. Boma likajengwa Arua. Wakakwa, wenyeji wa hapa, wakajikuta wamegawanywa katika nchi tatu bila kuhama hata hatua moja: jamaa wa Yei upande wa Sudan, jamaa wa Aba upande wa Kongo, na jamaa wa Koboko.

Wakoloni hawakuitazama West Nile kama nchi ya kuendeleza. Waliitazama kama ghala la nguvukazi. Vijana walichukuliwa kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, na wengine wakaingia King's African Rifles, jeshi ambalo lugha yake ilikuwa Kiswahili. Ndiyo sababu Kiswahili kilifika Koboko kikiwa kimevaa buti, na mpaka leo wazee wengi wa huko hukizungumza bila kukisomea darasani. Waliopigana Vita vya Pili vya Dunia walirudi na kiinua mgongo, na wachache, hasa waliojeruhiwa, na haki ya kudai malipo zaidi. Kwa mkulima wa Ludara au Midia, hiyo ndiyo ilikuwa sura ya kwanza ya fedha za serikali: mtu hulipwa kwa sababu alibeba bunduki.

Waliobaki, wakiwemo wagonjwa, vipofu na viwete, waliachiwa ukoo na misheni. Huko Kuluva, karibu na Arua, ndugu wawili madaktari, Ted na Peter Williams, walianzisha hospitali ya misheni miaka ya 1940, na wagonjwa wa ukoma walipata makao hapo. West Nile ilikuwa na ugonjwa wa malale na pia usubi, upofu unaoletwa na nzi wa mtoni. Mahitaji hayakuwa madogo. Baada ya uhuru wa 1962 serikali ilijenga vituo vya kuwafundisha kazi watu wenye ulemavu sehemu mbalimbali za nchi, na Arua ikapata chake, Ocoko. Wazo lilikuwa kwamba mlemavu afundishwe useremala au ushonaji kisha ajitegemee. Kumlipa hakukufikiriwa.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin, aliyejiunga na jeshi mwaka 1946 na ambaye ukoo wa baba yake ulikuwa wa Koboko, alinyakua madaraka. Kwa miaka minane mshahara wa jeshi uliingia katika nyumba nyingi za Koboko kuliko wakati wowote kabla. Familia zikajenga, zikasomesha, zikaoa. Wapo wanaosimulia kipindi hicho kama neema, na kwa upande wa mfuko hawasemi uongo, ingawa nchi nzima ilikuwa ikilipa gharama ya damu. Kilichofuata kilionyesha hatari ya eneo zima kutegemea ajira moja. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, jeshi la zamani lilisambaratika, na pamoja nalo mishahara, pensheni na viinua mgongo vya askari wake.

1979–1986: Kadi ya mgao

Mwishoni mwa 1980 mabaki ya jeshi la Amin yalishambulia Koboko na Arua kutoka ng'ambo ya mpaka. Jeshi jipya, UNLA, lililipiza kisasi kwa raia. Mwezi Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci nje ya Arua waliuawa humo humo. Vijiji vya Koboko vikahama vyote, watu wakavuka kuingia Zaire na Sudan, wakiwabeba wazee mgongoni.

Katika makambi ya wilaya ya Yei ndipo watu wa Koboko walipoonja kwa mara ya kwanza msaada unaotolewa kwa ratiba, kwa kadi, kwa kuhesabu vichwa. Mwanaanthropolojia Barbara Harrell-Bond alifika huko mwaka 1982, akakaa nao, na mwaka 1986 akachapisha kitabu kilichowaudhi wakubwa wa mashirika ya misaada. Hoja yake ilikuwa kwamba misaada ilipangwa na wageni bila kuwauliza waliokusudiwa, na kwamba orodha za wanyonge zilizotengenezwa ofisini hazikulingana na hali ya kambini. Naitaja hoja hiyo kwa makusudi. Miaka 30 baadaye ingeibuka tena Uganda kwenyewe, safari hii dhidi ya orodha za serikali.

1986–2002: Viti kabla ya fedha

Yoweri Museveni aliingia madarakani Januari 1986, na wakimbizi wakarudi kidogo kidogo kwenye mashamba yaliyokwisha kuwa msitu. Mwaka uliofuata, huko Kampala, vyama vya watu wenye ulemavu viliungana na kuunda NUDIPU. Waanzilishi wake walielewa jambo moja mapema: wakati katiba mpya inaandikwa, asiye na mjumbe mezani hupata kinachobaki.

Wakapata mezani kitu ambacho nchi chache za Afrika zilikuwa nacho. Katiba ya 1995, katika ibara ya 35, ilitamka haki ya watu wenye ulemavu kuheshimiwa utu wao. Bunge likatengewa wabunge watano wanaowawakilisha. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikaweka madiwani wawili wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke, katika mabaraza ya wilaya na ya gombolola. Mwaka huo huo elimu ya msingi ya bure ilipoanza kwa watoto wanne wa kila familia, mtoto mwenye ulemavu alitajwa kuwa wa kwanza kuhesabiwa.

Mtu asidharau mafanikio hayo. Diwani kiziwi au kiwete kuketi barazani Arua, katika jamii ambayo kaka zake walizoea kumficha nyumbani wageni wanapokuja, lilikuwa jambo la kugeuza macho ya watu. Lakini baraza la wilaya maskini hugawa umaskini. Diwani alikuwa na kura. Hakuwa na fungu la bajeti. Wazee nao waliahidiwa katika malengo ya Katiba kwamba dola itawatunza kwa kiasi kinachofaa, ahadi ambayo hakuna mahakama iliyoweza kuigeuza kuwa shilingi.

Hifadhi ya jamii iliyokuwepo kwa sheria ilikuwa ya watu wengine. NSSF, iliyoundwa kwa sheria ya 1985, hukusanya asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri. Pensheni ya serikali ni ya watumishi wa umma. Mkulima wa mihogo wa Kuluba au mwanamke anayeuza samaki wakavu njia ya Oraba hana mwajiri wa kumchangia.

Wakati huo huo vita vilikuwa vikiongeza idadi ya wenye ulemavu. Katikati ya miaka ya 1990 waasi wa West Nile Bank Front walitega mabomu ya ardhini kwenye barabara na njia za mashambani. Kundi jingine, UNRF II, liliendelea mpaka mkataba wa amani uliosainiwa Yumbe Desemba 2002. Waasi waliokubali kuweka silaha chini walipewa fedha za kuanzia maisha. Aliyekanyaga bomu akienda kuchota maji hakuwa upande wowote wa mkataba. Mtindo wa zamani ulikuwa umerudi: malipo yalifuata bunduki.

2003–2010: Fedha za amani

Mwaka 2003 Benki ya Dunia na serikali zilianzisha mfuko wa NUSAF kwa ajili ya kaskazini, wenye dola milioni 100. Awamu ya pili ilifuata 2009 kwa kiasi kama hicho, na ya tatu 2016 kwa dola milioni 130. Koboko ilizipokea nyingi za fedha hizi ikiwa wilaya kamili, kwani ilitengwa na Arua mwaka 2005.

NUSAF ilijenga madarasa, ikachimba visima, ikagawa ng'ombe. Kipengele chake kilichochunguzwa zaidi kilitoa fedha kwa vikundi vya vijana walioandika andiko la mradi, wastani wa dola 382 kwa kila mmoja. Watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia na kukuta kwamba baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa asilimia 38 juu ya wenzao wasiopata. Walipowarudia baada ya miaka tisa, wenzao walikuwa wamewakaribia. Kesi za ubadhirifu nazo hazikukosekana. Nyingine zilifika kwa Inspekta Mkuu wa Serikali.

Kilicho muhimu kwa habari yetu ni masharti. Ili upate, ilibidi uwe kwenye kikundi, kikundi kiwe na andiko, na andiko liwe la kazi. Hata kazi za umma za awamu ya tatu, za kuchimba mitaro na kupanda miti kwa ujira, zilimfaa zaidi mwenye mikono miwili. Ruzuku Maalumu ya Watu Wenye Ulemavu, iliyoanza mwaka wa fedha 2009/10 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ilifuata njia hiyo hiyo ya vikundi na miradi. Fedha zilizofika wilayani zilitosha vikundi vichache kwa mwaka. Asiyeweza kutoka kitandani, anayehitaji mtu wa kumlisha, angeingia kwenye kikundi gani cha kufuga mbuzi?

2010–2015: Madirisha mawili

Juni 2010 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango ambao ulikuwa mgeni kabisa Uganda. Ulijulikana kwa kifupi kama SAGE, na watu wakauita pesa za wazee. Uingereza na Ireland ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya gharama. Majaribio kama hayo yalikuwa yamefanywa Kalomo, Zambia, tangu 2004, na wafadhili walikuwa na hamu ya kuthibitisha kwamba maskini akipewa fedha taslimu bila masharti hanywi pombe zote.

Wilaya 14 zilichaguliwa kwa majaribio, kutoka Kiboga na Kyenjojo hadi Karamoja. West Nile iliingia kwa Nebbi na Zombo, na baadaye Yumbe ikaongezwa kuwa ya 15. Koboko, inayopakana na Yumbe, haikuwemo. Mzee wa upande mmoja wa mpaka wa wilaya alipokea, na mwenzake wa upande wa pili, wanaokutana soko moja, hakupokea. Malipo ya kwanza yalitoka Septemba 2011.

Mpango huu ulikuwa na madirisha mawili, na tofauti kati yao ndiyo kiini cha historia yote hii. Dirisha la kwanza lilikuwa la wazee: kila aliyefika miaka 65, au 60 kwa Karamoja, alilipwa, tajiri au maskini. Dirisha la pili lilikuwa la familia zilizo dhaifu. Hapo maofisa walikusanya taarifa za kila kaya, wakapima kwa kompyuta idadi ya yatima, wazee, wagonjwa na wenye ulemavu ikilinganishwa na watu wanaoweza kufanya kazi, na kaya zilizopata alama za juu zikalipwa. Kiwango cha madirisha yote mawili kilifikia shilingi 25,000 kwa mwezi, kupitia simu ya MTN.

Dirisha la wazee lilieleweka mara moja. Kijiji kizima kinajua nani alizaliwa kabla ya nani, na hakuna aliyeona ubaya bibi akipewa. Tathmini za mpango zilionyesha wazee wakinunua chakula, wakilipia daftari na sare za wajukuu, wakimlipa kijana awalimie.

Dirisha la pili lilizua manung'uniko kila lilipofunguliwa. Alama zilitoka kwenye fomula ambayo mwenyekiti wa LC 1, baraza la kijiji, hakuweza kuieleza. Mwanamke kijana mwenye watoto watatu alilipwa, na jirani yake kipofu akaachwa kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na wana wawili wenye nguvu, hata kama wana hao walikuwa mjini na hawatumi kitu. Wakubwa wa vijiji walilalamika, wenye ulemavu wakalalamika, na watathmini wakaandika kwamba jamii iliona uteuzi huo hauna haki.

Mwaka 2015 dirisha la pili likafungwa. Hoja iliyotumika ilikuwa ya kiutawala, na ilikuwa na uzito: fomula ilishindwa. Ila hesabu za siasa zilikuwepo pia. Uchaguzi wa 2016 ulikuwa unakaribia, wabunge walikuwa wakidai pesa za wazee zifike majimboni mwao, na umri ulikuwa kigezo rahisi kutangaza jukwaani. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilifanyika hapo. Ilipodhihirika kwamba kipimo cha udhaifu wa kaya hakifai, jawabu lilikuwa kumpima mtu mwenyewe, kwa ulemavu wake. Badala yake kipimo kilitupwa pamoja na waliokuwa wakipimwa. Sensa ya 2014 ilikuwa imetoka kuonyesha kwamba asilimia 12.4 ya Waganda wenye miaka 2 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani.

2015–2021: Mia moja, kisha miaka 80

Novemba 2015 serikali ilipitisha Sera ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii na kuanza kupanua malipo ya wazee wilaya kwa wilaya. Fedha hazikutosha umri wa miaka 65, kwa hiyo wilaya mpya zilipewa kanuni nyingine: wazee 100 wenye umri mkubwa zaidi katika kila gombolola. Mzee wa 101 alisubiri mmoja afe. Sitii chumvi, ndivyo kanuni ilivyofanya kazi. Zaidi ya hayo, sehemu ya serikali katika bajeti ilichelewa mara kwa mara, na walengwa wakakaa miezi bila kitu kisha wakapokea malimbikizo.

Malipo yalihamia PostBank, na kila kitu kikafungwa kwenye kitambulisho cha taifa, ambacho Waganda hukiita Ndaga Muntu. Hapo Koboko na wilaya zote za mpakani ziliingia katika shida ya aina yake. Aliyezaliwa miaka ya 1930 hana cheti. Alizaliwa mwaka wa njaa fulani au wakati DC fulani wa kikoloni alipokuwa Arua. Ofisa wa kuandikisha alikisia umri, na kisio likawa sheria. Vidole vilivyolima maisha yote havikusomeka kwenye mashine, na macho yenye mtoto wa jicho hayakusaidia. Mkakwa mwenye jamaa Yei na Aba, aliyeishi ukimbizini miaka sita, alitakiwa pia kuthibitisha kwamba yeye ni wa upande huu. Juni 2021 taasisi ya ISER na Unwanted Witness za Kampala, pamoja na kituo cha haki za binadamu cha chuo kikuu cha New York, zilichapisha ripoti iliyoeleza jinsi wazee walivyonyimwa malipo na hata matibabu kwa kukosa kitambulisho hicho.

Kufikia wakati huo kanuni ya mia moja ilikuwa imeondolewa. Kuanzia mwaka wa fedha 2020/21 malipo yalienea nchi nzima kwa kila aliyetimiza miaka 80, na zaidi ya watu laki tatu wakaandikishwa. Kwa Koboko ilikuwa afueni ya usawa: hatimaye kanuni moja na Yumbe. Kwa thamani ilikuwa kurudi nyuma. Shilingi 25,000 zilizokuwa sawa na dola 10 hivi mpango ulipoanza, zilinunua dola 7 tu mwaka 2021.

Ng'ambo ya ua, kwenye makazi ya wakimbizi ya Lobule humo humo wilayani, mambo yalienda mrama kwa njia nyingine. Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao kwa asilimia 30 Aprili 2020, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya kiwango kamili. Wakongo wa Lobule, ambao wazazi wao huenda waliwapokea watu wa Koboko mwaka 1980, wakaanza kutafuta vibarua kwenye mashamba ya wenyeji. Julai 2021, wakati wa karantini ya corona, serikali iliwatumia wakazi maskini wa Kampala, majiji na manispaa shilingi 100,000 kwa simu, mara moja. Wa vijijini hawakuhesabiwa.

Tangu 2022: Kutoka ruzuku hadi mkopo

Februari 2022 Rais Museveni alizindua mpango wa maendeleo wa parishi, maarufu kama PDM. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa hadi milioni 1 kwa ajili ya biashara au kilimo. Asilimia 10 ya fedha zimetengwa kwa watu wenye ulemavu na asilimia 10 kwa wazee. Ni fungu kubwa. Ni mkopo pia, wenye riba ya asilimia 6, na humfaa fundi cherehani mwenye kiti cha magurudumu mjini Koboko. Haumfai anayehitaji sabuni, dawa na mtu wa kumgeuza kitandani.

Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi shuleni, hospitalini na kazini. Haitoi malipo ya kila mwezi. Hata pesa za wazee zenyewe hazina sheria ya Bunge inayozilinda. Zinasimama juu ya sera na bajeti ya kila mwaka.

Jirani zetu wamefanya vingine. Kenya imekuwa ikizilipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa tangu 2011, na mwaka 2018 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Zanzibar, kisiwani, ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70, na Hazina yake yenyewe ndiyo inayotoa fedha. Hakuna kati yao iliyo tajiri kiasi cha kutushangaza.

Wabunge watano wa watu wenye ulemavu wako Kampala, na madiwani wao wako Koboko, Arua na kila gombolola. Viti walivyopiganiwa na NUDIPU wanavyo kwa karibu miaka 30. Jambo la kudai kwa viti hivyo linajulikana: Bunge litunge sheria ya malipo ya kila mwezi, lifungue tena dirisha lililofungwa 2015, na safari hii kigezo kiwe ulemavu wa mtu, si idadi ya wana wenye nguvu walioandikwa kwenye kaya yake.